Gitaa Ambalo Bado Halijawa Gitaa

Shingo niliyoiegemeza ukutani mwezi Februari niliikuta Julai imejikunja kinyumenyume, kama mtu anayenyoosha mgongo baada ya kulima. Nilikuwa nimeichonga kwa uangalifu. Ubao wa vidole wa mpingo ulikaa sawa, freti zote zilikuwa zimepigwa, nikaiacha nikisema nitairudia wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa masika, masika yakaisha, kusi ikaanza kuvuma. Nilipoitazama kwa jicho moja kuanzia kichwani, kama seremala anavyotazama ubao, niliona katikati imepanda nundu. Wa kulaumiwa nilikuwa mimi mwenyewe, kwani chuma cha ndani ya shingo nilikikaza kwa ajili ya nyuzi ambazo hazikuwepo.

Ndani ya shingo ya gitaa la nyuzi za chuma huzikwa fimbo inayokazwa kwa nati ili ipingane na mvuto wa nyuzi. Seti ya kawaida ya gitaa lisilo la umeme huvuta kwa nguvu ya kilo 70 hivi. Ukiondoa mvuto huo na kuiacha fimbo imekazwa, itaendelea kusukuma bila mpinzani. Miezi mitano ya kusukumwa, katika joto na unyevu wa Dar es Salaam, mbao hukubali yaishe. Kulegeza nati kwa ufunguo, kazi ya nusu dakika, kungeiokoa shingo ile.

Tangu hapo nimekuwa nikilitafakari jambo ambalo mafunzo ya kutengeneza gitaa hulipita mbiombio. Ukisoma maelekezo yake utadhani fundi huanza Jumatatu na kumaliza mwisho wa mwezi: anakata, anabandika, anachonga, anapaka, anafunga nyuzi. Maisha hayaendi hivyo. Fedha za pikapu, yaani kinasa sauti cha gitaa, hazijapatikana. Vikazio vya nyuzi vinamsubiri ndugu anayekuja kutoka Dubai. Mteja alitoa kianzio, akapotea. Januari imefika na ada za watoto. Gitaa linalala, na huko kulala kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko kutengenezwa kwenyewe. Sasa, linalala vipi salama?

Jibu la wengi, nami nilikuwa mmoja wao, ni boksi. Unakusanya kila kilicho cha gitaa hilo, shingo, bodi, pikapu, skrubu, kinga ya plastiki na chupa ya gundi, unatia vyote ndani, unafunga vizuri, unaandika jina juu, unasukuma chini ya kitanda. Linaonekana jibu la mtu nadhifu. Kwa maoni yangu ndilo kosa kubwa kuliko yote, kwa sababu vipande vya gitaa moja havina tabia moja. Mbao inataka hewa isiyobadilika. Chuma kinataka ukavu, na kadiri unavyozidi ndivyo kinavyoshukuru. Plastiki za zamani zinataka upepo upite. Gundi inataka ubaridi. Ukizifungia pamoja, kila moja itaishi maisha ya mwenzake, na zipo zitakazouana.

Tuanze na mbao, maana ndiko kwenye mambo mengi.

Mbao iliyokatwa miaka 20 iliyopita bado inapumua maji. Hewa ikiwa na unyevu, inakunywa. Hewa ikikauka, inatoa. Kwa joto la nyuzi 27, hewa yenye unyevuanga wa asilimia 45 huifanya mbao itulie ikiwa na maji ya asilimia 8 hivi ya uzito wake mkavu. Hewa ya asilimia 80 huifikisha karibu na 16. Hapa mwambao, asubuhi nyingi kipimo hupita 80, mchana hushuka, usiku hupanda tena. Mbao nene huyavumilia mawimbi haya ya kila siku kwa sababu ni nzito kuitika. Inachosikia ni majira, yaani masika, kusi, vuli na kaskazi. Mbao nyembamba haina subira hiyo. Ubao wa uso wa gitaa uliorandwa hadi milimita 3 huitika kwa saa chache tu.

Mbao ikipoteza maji haifupiki kwa kiasi cha kuonekana, bali hupungua upana. Chukua uso wa gitaa kubwa wenye upana wa sentimita 40, wa msonobari wa aina ya spruce uliopasuliwa vizuri. Maji yake yakishuka kutoka asilimia 14 hadi 9, uso huo utataka kupungua milimita 3. Ukiwa huru mezani, hakuna tatizo, utapungua. Ukiwa umeshabandikiwa mataruma (nayaita hivyo kwa sababu kazi yake ni ileile ya mataruma ya jahazi), mambo yanabadilika. Nyuzi za mbao za mataruma zimekatisha upana wa uso. Taruma halipungui urefu, uso unataka kupungua upana, na gundi haimwachii yeyote. Hapo ndipo ufa unapozaliwa, mara nyingi usiku, kwa mlio mmoja mkavu.

Hofu ya ufa si ya leo. Mwaka 1957, John Lennon, kijana wa Liverpool ambaye bado hakuwa na Beatles, alikuwa akipiga gitaa la bei ya chini aina ya Gallotone Champion, lililotengenezwa Afrika Kusini. Ndani ya tundu lake palibandikwa karatasi yenye ahadi kwamba halitapasuka. Gitaa hilo liliuzwa mnadani London mwaka 1999 kwa zaidi ya pauni 150,000. Ahadi ya namna ile isingeandikwa kama wanunuzi hawakuwa wameshayaona mengi yaliyopasuka.

Kutokana na hayo, kanuni ya kwanza ya kulaza mbao ni kuilaza ikiwa nene na ikiwa huru. Ukijua kazi itasimama, usirande hadi kipimo cha mwisho, wala usibandike mataruma siku ya mvua ili tu upate kuvuka hatua. Acha milimita moja au mbili za ziada. Mbao ikijipinda kidogo katika kulala kwake, una nyama ya kunyooshea. Ncha za ubao zipake nta au rangi nzito, kwa kuwa maji hutoka haraka zaidi kwenye ncha kuliko ubavuni, na ncha inayokauka kabla ya katikati hupasuka. Mpingo ndio hasa wa kuchungwa. Ni mzito kiasi cha kuzama majini, hukauka polepole mno, na ukiuharakisha hukulipa kwa nyufa.

Usiulaze ubao moja kwa moja juu ya meza au sakafu. Upande wa juu utapumua, wa chini hautapumua, na baada ya wiki utaukuta umekuwa kama sahani. Weka vijiti vya unene mmoja chini yake na kati ya ubao na ubao, vijiti vya juu vikae sawia na vya chini. Bodi isimamishwe kwa ubavu. Shingo ilazwe mahali palipo sawa kabisa au ining'inizwe, chuma chake kikiwa kimelegezwa. Isiegemezwe ukutani. Hilo nimeshalilipia.

Halafu kuna suala la kipimo, na hapa natofautiana kidogo na ushauri unaotoka Marekani. Karakana nyingi za huko huweka hewa kwenye asilimia 40 hadi 50. Ni kipimo kizuri kwa gitaa litakaloishi katika nyumba zinazopashwa moto majira ya baridi. Gitaa langu litaishi Temeke. Nikilijenga kwenye asilimia 45 na kulipeleka kwa mpigaji anayelala madirisha wazi, litavimba, uso utapanda, nyuzi zitakuwa juu. Nikilijenga katika hewa ya Temeke yenyewe, asilimia 75, siku yoyote mpigaji atapata shughuli Dodoma. Atapanda treni ya SGR na gitaa mgongoni, na kabla hazijatimia saa nne atakuwa amelishusha kwenye hewa ya Septemba inayokausha midomo. Kwa hiyo mimi hulenga asilimia 50 hadi 55, nikijua ni suluhu isiyompendeza yeyote. Sababu yangu ni kwamba gitaa lililovimba hurudi likikauka, ila lililopasuka halijirudi lenyewe.

Unafikaje 50 bila kiyoyozi cha mchana kutwa? Watu hukimbilia vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja ndani ya boksi la viatu, yaani silika. Nilivikusanya kwa bidii mpaka siku nilipopiga hesabu. Kifuko cha gramu 5 hakiwezi kunywa zaidi ya theluthi moja ya uzito wake, tuseme gramu moja na nusu. Bodi ya gitaa yenye kilo 2, ili ishuke kutoka asilimia 14 hadi 12 tu, lazima itoe gramu 35 za maji. Hapo hujahesabu shingo, wala boksi lenyewe la karatasi, ambalo nalo limelewa unyevu. Ningehitaji vifuko zaidi ya 20 ili kuisogeza bodi moja hatua mbili. Silika ni mlinzi mzuri wa boksi ambalo tayari limekauka, si wa kukausha mbao.

Kinachokausha mbao ni joto dogo lenye subira. Hewa yenye unyevuanga wa asilimia 80 kwenye nyuzi 27, ukiipasha hadi nyuzi 32 bila kuongeza maji, kipimo chake hushuka hadi 60. Ukiipasha hadi 35, hukaribia 50. Kabati la nguo lililochakaa, tundu dogo chini na jingine juu, na ndani balbu moja ya zamani ya waya, ya wati 25 au 40, iliyozungushiwa wavu wa chuma ili chochote kisiiguse: hiyo ndiyo karakana yangu yenye hali ya hewa. Balbu za siku hizi za LED hazifai, hazina joto la kutosha. Umeme ukikatika, milango ikiwa imefungwa, mbao hukaa saa nyingi kabla haijasikia. Usiku wa kwanza nililala nikiamka kila saa kwenda kuchungulia kama hakuna moshi, na sikuona aibu.

Kipimo cha unyevu cha bei rahisi, kile chenye skrini ndogo, kinaweza kudanganya kwa asilimia 5 hata 10. Namna ya kukishika uongo imo jikoni. Tia chumvi ya mezani kwenye kifuniko cha chupa, idondoshee maji mpaka iwe kama uji mzito, chembe zionekane bado. Viweke kifuniko na kipimo pamoja ndani ya mfuko usiopitisha hewa, ufunge, usubiri hadi kesho. Hewa ya juu ya chumvi iliyoloa kwa kiasi hicho hukaa kwenye asilimia 75, wala haitikisiki. Kipimo changu kilisoma 69. Nilikibandikia karatasi nyuma: ongeza 6.

Namba hiyo ya 75 ina habari nyingine, na hii ni ya chuma. Chumvi kavu ikiwa kwenye hewa inayovuka asilimia 75, huanza kunywa maji yenyewe mpaka inayeyuka. Upepo wa bahari huleta vumbi la chumvi hadi kwenye madirisha ya Magomeni, na jasho la vidole lina chumvi vilevile. Kikazio cha nyuzi ulichokishika kwa mkono mtupu ukakiacha kwenye rafu, kila usiku hewa inapopita 75 alama za vidole vyako hugeuka matone ya maji ya chumvi. Mchana hukauka. Usiku hulowa. Baada ya msimu mmoja wa hivyo, nikeli inaanza kupata vidoa kama ndui, na skrubu zimeshikwa kutu kiasi kwamba kichwa kinakatika ukizifungua.

Kwa hiyo chuma kifutwe kwa kitambaa kikavu kabla ya kulazwa, kisha kipakwe tone la mafuta ya cherehani na kutiwa kwenye mkebe unaofunga barabara. Kopo la maziwa ya unga halina mpinzani. Humo ndimo silika inapofanya kazi yake kwa heshima, kwani hakuna mbao ya kushindana nayo. Kifuko kimoja kinaweza kulinda kopo miezi mingi, na kikichoka unakikausha. Chembe zenyewe huvumilia oveni ya nyuzi 120 kwa saa kadhaa, mradi umezimimina kwenye sahani ya bati, kwani mfuko wake si lazima uvumilie. Hapo unaiona sababu ya kutenganisha. Mafuta yanayookoa kikazio yakigusa mbao ambayo haijapakwa vanishi, gundi haitashika pale wala rangi haitakaa, na ukavu unaokifaa chuma ungeipasua mbao.

Pikapu ni chuma chenye roho nyepesi. Ndani yake kuna maelfu ya mizunguko ya waya wa shaba wenye unene wa milimita 0.06 hivi, mwembamba kama unywele. Kutu ikiugusa mahali pamoja, pikapu imenyamaza. Sumaku zake hudaka kila unga wa chuma ulio karibu, na fundi anayeng'arisha freti kwa pamba ya chuma katika chumba hichohicho ajue anazilisha. Funika uso wake kwa utepe wa karatasi, itie kwenye kifuko, iweke mbali na spika kubwa. Sumaku ya pikapu za kizamani, ya mchanganyiko wa aluminiamu, nikeli na kobalti, inaweza kudhoofishwa na sumaku yenye nguvu iliyo jirani yake. Mimi nilikuwa nazihifadhi juu ya sabufa. Sina hakika kama ziliathirika, lakini tangu nilipolijua hilo kila nikizisikiliza naona kama zimepungukiwa.

Plastiki ndiyo iliyonishangaza kuliko vyote. Kinga za uso, mistari ya pembeni na vifundo vya magitaa mengi ya kabla ya miaka ya 1960 vilitengenezwa kwa seluloidi. Seluloidi haikai milele. Ikizeeka huanza kujila, na katika kujila hutoa mvuke ambao ukikutana na unyevu hugeuka asidi ya nitriki. Ikiwa imefungiwa, mvuke hauna pa kwenda, unairudia seluloidi yenyewe na kuiharakisha, kisha unavigeukia vyuma vya jirani. Ndiyo maana mtu hufungua boksi la gitaa la zamani lililotunzwa kwa upendo, akakuta vikazio vimeota ukungu wa kijani na kinga imepasukapasuka kama tope la bwawa lililokauka. Kufungwa vizuri ndiko kulikoliharibu.

Ili kuitambua, isugue kwa kidole gumba mpaka ipate moto, kisha unuse. Seluloidi hutoa harufu ya kafuri, ileile tunayoijua kutoka kwenye kuandaa maiti. Ukiisikia harufu hiyo, kipande hicho kiwekwe peke yake, kwenye bahasha ya karatasi isiyofungwa, mahali penye upepo, mbali na chuma na mbali na moto, kwani kikishika moto huwaka kwa kasi ya kutisha. Plastiki laini nazo zina ubaya wake. Sponji na mipira ya PVC ikigusana muda mrefu na vanishi ya nitroselulosi huilainisha na kuacha alama zisizofutika. Bodi iliyopakwa mwezi uliopita isifungwe kwenye plastiki ya mapovu. Utaikuta na vidoa vya duara mgongoni. Shuka la pamba lililofuliwa mara nyingi linatosha.

Gundi nazipitia haraka. Ya mbao, ile nyeupe au ya njano, iandikwe tarehe ya kununuliwa na isikae chini ya bati. Ikivuta kama kamasi, itupe bila huruma, kwani chupa mpya ni rahisi kuliko daraja lililong'oka. Gundi ya ngozi katika chembe kavu hudumu miaka mingi. Ikishaloweshwa ni chakula, itaoza. Supagluu ikae kwenye friji. Matambara yaliyopakiwa mafuta ya kitani yasikunjwe na kutupwa pembeni hata usiku mmoja, kwa sababu hujipasha yenyewe mpaka yakawaka. Yatandazwe nje yakauke, au yalowekwe kwenye maji.

Wadudu hawana haraka yetu. Mchwa unaweza kumzuia kwa rafu ya chuma iliyotengwa na ukuta, miguu yake ikisimama kwenye makopo yenye mafuta machafu ya gari. Mtihani ni yule mdudu mdogo anayebungua mbao kavu kutoka ndani na kuacha unga laini kama poda ya mtoto. Huyu hufuata wanga, na wanga umo katika sehemu nyeupe ya nje ya mbao ngumu. Kiini chekundu cha mninga hakigusi, ila ule ukingo mweupe ambao sisi wapenda urembo huuacha kwa ajili ya rangi mbili ndio karamu yake. Ukiona unga, kipande kifungwe kwenye nailoni na kutiwa kwenye friza, nyuzi 18 chini ya sifuri au zaidi, kwa wiki moja au mbili. Kikitoka kisifunguliwe mpaka kirudi kwenye joto la chumba, la sivyo umande utakilowesha. Nilimwomba jirani yangu, mama anayeuza samaki, aniwekee shingo mbili. Aliniuliza swali moja tu, la maana: "Mwanangu, hizi si za kichawi?" Zilikaa katikati ya vibua siku 12. Hazikunuka.

Jambo la mwisho kwenye rafu halina uzito wa gramu 10, nalo ndilo watu wasilolihesabu kuwa kipande cha gitaa. Ni karatasi.

Mpingo na ndugu zake wote wa jenasi ya Dalbergia waliingizwa kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini kutoweka, kuanzia Januari 2, 2017, na kwa karibu miaka mitatu hata gitaa kamili lenye kipande cha mti huo lilisumbuliwa mipakani. Mkutano wa Geneva wa mwaka 2019 uliondoa adha hiyo kwa ala zilizokamilika na kwa vipande vilivyokamilika, kuanzia Novemba mwaka huo. Neno la kushika hapo ni kukamilika. Ubao wa vidole uliochongwa tayari kufungwa umesalimika; gogo au ubao wa mpingo unaosubiri kuchongwa haumo kwenye msamaha. Kisha mkutano wa Panama wa mwaka 2022 ukaingiza kwenye orodha hiyohiyo miti ya Afrika ambayo kila seremala wetu anaijua: mninga, mkongo na mkangazi. Mbao zake zilizopasuliwa zikivuka mpaka zinahitaji kibali.

Huenda ukasema, mimi nauza Kinondoni, CITES ya nini. Lakini mteja anaweza kuwa Muscat au Hamburg, na ndani ya nchi pia mbao ina hati zake za Wakala wa Huduma za Misitu. Kampuni ya Gibson ilivamiwa na maofisa wa serikali ya Marekani mwaka 2009 na tena Agosti 2011 kwa sababu ya mbao zilizotoka Madagaska na India, na mwaka 2012 ikakubali kulipa faini ya dola 300,000 pamoja na dola 50,000 za uhifadhi. Hiyo ni kampuni yenye wanasheria. Fundi wa kona akiulizwa alipata wapi ubao uliokaa kwake miaka saba, atajibu kwa kumbukumbu, na kumbukumbu haina muhuri. Kwa hiyo risiti na hati vipigwe picha, nakala zitiwe kwenye bahasha, bahasha ikae na ubao wake.

Hapa mpango wangu wa kutenganisha unaonyesha udhaifu wake, na sitauficha. Ukishaweka mbao kabatini, chuma koponi, seluloidi dirishani na gundi kwenye friji, gitaa limetawanyika kama familia ya mtumishi wa umma. Baada ya miaka miwili, skrubu sita zilizobaki ni za daraja lipi? Boksi moja, pamoja na mabaya yake yote, lilikuwa linajua kitu kilichokuwa kikienda na kingine. Kumbukumbu hiyo lazima sasa ihamie kwenye maandishi. Kila gitaa langu lina namba, na namba hiyo iko kwenye kila kitu. Skrubu nazitia kwenye vile vifuko vidogo vya dawa wanavyotoa duka la dawa, vyenye mahali pa kuandika asubuhi, mchana na jioni. Ndivyo vinavyofaa kuliko vyote. Waya kabla ya kufunguliwa hupigwa picha, na mchoro wake huenda koponi pamoja na pikapu.

Kwenye mbao naandika kwa penseli, mahali patakapofunikwa: ndani ya mfuko wa shingo au chini ya kinga. Utepe wa karatasi ukikaa miezi na joto letu huacha ulimbo, na wino wa kalamu huchomoza juu ya vanishi kama doa la chai. Penseli haidai chochote. Na ninachoandika, pamoja na namba, ni uzito. Duka la jirani lina mizani ya kidijitali ya kupimia sukari, na mwenyewe amezoea kuniona nikija na bodi kwapani. Mbao inayopungua uzito bado inakauka. Uzito ukisimama, imetulia, na hapo ndipo unaweza kuichonga hadi kipimo cha mwisho.

Namba 9 ni bodi ya mninga, bado haijachongwa mabega. Chini, pale itakapokaa shingo, imeandikwa: Mei 4, gramu 2,412. Juni 10, 2,368. Julai 15, 2,340. Agosti 20, 2,335. Septemba 24, 2,335. Mwenye duka aliusoma mstari huo wa mwisho kabla yangu. Akauliza, sasa hii imeiva? Nikamwambia ndiyo, imeiva, kilichobaki ni hela ya pikapu.